Mto Marne Ulivyofika Kau

Simu ilipolia nilikuwa na unga hadi viwikoni. Mimi napika mahamri Garsen, nyuma ya pale yanaposimama mabasi ya Lamu, na saa ya kukanda sipokei simu ya mtu, hata awe chifu. Lakini niliona ni mwanangu, na mkewe alikuwa wa kujifungua wakati wowote, nikaibonyeza kwa kidole kidogo na kuiacha mezani katikati ya unga.

"Mama, ni msichana."

Nilipiga vigelegele mpaka dereva mmoja aliyekuwa akinywa chai yake kwa utulivu akajimwagia suruali. Sikumwomba radhi. Nililia pia, na sioni haya kusema. Mwanangu ni mmoja tu, sikujaaliwa mwingine, na yuko Ufaransa miaka mingi sasa, anaendesha gari la kusambaza mikate madukani. Nimezoea kumwona kwenye kioo cha simu akiwa amevaa makoti mawili kama mtu anayehama.

Jina la mtoto sikuwa na haja ya kuliuliza. Nilikuwa nalijua tangu kabla mwanangu hajaoa. Kwa hiyo niliuliza kwa kukamilisha furaha tu: "Basi nimwambie bibi yako wa Kau amepata somo?"

Akanyamaza. Mtu uliyemzaa unajua kila aina ya kimya chake. Alipokuwa mdogo, kimya kama kile kilikuwa na maana kwamba kuna sahani imevunjika jikoni.

"Mama, huku hawangoji siku saba. Jina limeshaandikishwa. Mwenzangu alikuwa nalo moyoni siku nyingi."

"Jina gani?"

"Marne."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mto, Mama. Mto unaopita hapa tunapokaa."

Nikakata simu bila kuaga. Mahamri ya siku ile yalikuwa magumu, wateja walisema, na mimi nikawaambia asiyeyataka ayaache.

Lazima nieleze habari ya somo, maana si kila anayesoma hapa ni mtu wa kwetu. Huku mwambao wa mdomo wa Tana, watu wawili wanaoitwa jina moja ni masomo. Hawaitani kwa jina lao, wanaitana "somo", na hapo huzaliwa utani usiokwisha. Mtoto akimkojolea mgeni, mgeni humwendea mzee mwenye jina lile akamwambia, "Somo yako kaniharibia nguo, nifulie." Sikukuu ikifika, mkubwa humpa mdogo nguo. Mdogo akifaulu mtihani, mkubwa ndiye anayetembea mtaani kifua mbele. Bibi aliye na somo mdogo haachwi nyumbani peke yake na uzee wake, kila mara kuna mtu wa kumtania habari za yule mwingine.

Mama yangu hakuwa na somo. Kaka yangu alizaa wavulana watupu, na wavulana wale walipozaa wasichana, kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kumpa mtoto jina la upande wa mke. Mimi ndiyo hivyo, mwana mmoja, dume. Mama amehudhuria kuitwa majina kwa watoto wa Kau nzima, akipakua wali wa watu, akiimba na watu, na kila mimba ikionekana katika ukoo wetu alikuwa akininong'oneza, "Huyu je?" Alikuwa na kikuku cha fedha alichokifunga katika kitambaa cheupe, akingoja mguu wa kukivaa.

"Ninachotaka si kikubwa," aliniambia safari moja. "Nataka siku moja aitwe mtu mdogo, na miye niitike kwa makosa."

Basi hilo ndilo lililokuwa limenikaa kooni. Mama alikuwa ameshakwenda umri, jicho moja limefunga ukungu na miguu imeanza kukataa. Mtoto huyu alikuwa wa mwisho wa kutumainiwa. Halafu wamempa jina la mto!

Na mto kwetu si pambo. Mimi nimeolewa Garsen, nimeishi na Tana maisha yangu yote, najua tabia zake. Umetulisha, sikatai. Lakini umetutoa majumbani tukalala juu ya tuta la barabara na kuku wetu, umetuchukulia migomba na mahindi yaliyokuwa yamekomaa, na wanawake waliokwenda kuteka maji wakarudi na hadithi ya mamba, na wengine hawakurudi. Nani huku amemwita bintiye Tana? Mimi sijamsikia. Kuna duka la saruji lenye jina hilo, na jirani yangu alikuwa na mbuzi akimwita Tana kwa sababu ya kula kila kitu alichokikuta.

Nilimpigia mwanangu jioni ile, maneno yangu nimeyapanga. Hakuyasubiri. "Mama, mke wangu atakupigia mwenyewe," akasema. "Mimi sitaweza kukueleza kama yeye." Mwoga. Amerithi kwa baba yake.

Mke wa mwanangu ni Mngazija aliyezaliwa Ufaransa. Wakati ule tulikuwa hatujaonana ila kwa simu, na mazungumzo yetu yalikuwa ya salamu na "umekula?". Alipiga kesho yake, mtoto amelala kifuani, nywele hazijachanwa, macho mekundu ya mzazi asiyelala. Akanisalimia salamu ya kwao, "Kwezi," nami hadi leo nasahau inavyoitikiwa, nikasema marahaba. Hasira yangu ikateremka kidogo. Mzazi ni mzazi, humwendei na panga.

Alisema kwa Kiswahili alichofunzwa na mwanangu, na kilipomwishia akaingiza Kingazija, na mimi nikamwelewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Akaniambia kwamba Marne ni mto mrefu, unaanzia nyanda za juu upande wa mashariki, kwenye chemchemi iliyo chini ya mwamba. Watu wa kale kabisa wa nchi ile, waliokuwako kabla Warumi hawajawavamia na kabla Kifaransa hakijawa lugha ya mtu yeyote, waliuona mto ule ni mama. Walikuwa na pahali pao pa ibada huko huko unakotoka, wakimwomba huyo mama.

"Astaghfirullah," nikasema.

Akacheka. "Ni zamani, Mama. Wamekufa wote."

Jina lenyewe, akasema, mwanzo lilikuwa Matrona, limetoka katika neno lao la mama, na maana yake ni kama kusema mama mkubwa, mama mwenye heshima. Warumi walipofika hawakulibadilisha, maana kwao pia mama aliitwa kwa neno la namna ile ile. Kisha watu wakalitumia, baba na mwana na mjukuu, likawa linalika kidogo kidogo kama kisu cha jikoni kinavyolika kwa kunolewa, hata likabaki Marne. Wengi wanaoishi kandoni mwake hawana habari tena. Kwao ni jina tu la mto, na la kituo cha treni.

"Na wewe nani alikwambia?"

"Mwalimu, nikiwa darasa la chini." Akamweka mtoto begani, akampigapiga mgongo. "Mama, mimi sikumjua mama yangu. Alikufa sijaota hata meno. Sauti yake siijui. Baba alikuwa akinipeleka mtoni Jumapili, tunawatupia bata mikate, hatusemi kitu. Siku ile mwalimu aliposema mto huu ni mama, nilikwenda mbio nikamwambia Baba. Akasema, vizuri, basi na wewe unaye. Tangu siku hiyo nikipita darajani naamkia. Hata nikiwa mkubwa. Hata nikiwa na mwanao, niliamkia, akaniuliza naongea na nani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Nikatafuta pa kushika.

"Na jina la mama yako aliyekuzaa, mbona hukumpa mtoto? Ningeelewa."

"Baba alikuwa hawezi kulitaja. Akilitaja analia. Sikulizoea kulisikia, Mama. Hili nimelizoea."

Ungefanya nini? Nilimwambia anywe uji wa pilipili manga, ajifunge tumbo, asikae kwenye baridi. Tukaagana vizuri. Lakini moyo wangu haukutulia, naapa. Yule ana haki yake na mama yangu ana haki yake, na mtoto ni mmoja. Nilimsamehe mkaza mwanangu mchana ule ule, na nikaendelea kukasirika, sasa bila hata mtu wa kumkasirikia, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia Mama, na hiyo si ya simu.

Nilipanda basi hadi Witu, nikachukua bodaboda hadi Kipini, na Kipini tukangoja maji ya bahari yajae ndipo boti ipande mto kwenda Kau. Nilibeba mahamri, safari hii laini. Njia nzima nilikuwa nikitengeneza maneno. Kila niliyoyatengeneza yalifika mdomoni yakiwa na jina lile mbele, na hapakuwa na namna ya kuliweka nyuma.

Nilimkuta Mama barazani anapeta mchele, mdogo mdogo, mchafu mchafu. Siku hizi chumvi inapanda na maji hadi mashambani na mpunga wa Kau haujai kama zamani, na Mama akipeta huutukana mchele kama mtu. Aliniona, akaacha matusi.

"Kazaliwa?"

"Kazaliwa, Mama. Msichana."

"Alhamdulillahi. Anaitwaje?"

Aliuliza akiutazama ungo. Niliona mikono imesimama. Maneno yote niliyoyatengeneza yakanikimbia.

"Wamempa jina la mto, Mama."

"Mto upi?"

"Wa huko kwao. Unaitwa Marne."

Mama akaufikiria mto ule kwanza, maana ni mtu wa Kau, hawezi kuusikia mto akaupita hivi hivi. "Una mamba?"

"Hauna."

"Viboko?"

"Huko hakuna kiboko, Mama."

"Hufurika?"

"Hufurika, wanasema."

"Ehe. Na maji yake matamu?"

"Matamu. Uko mbali na bahari. Wala haufiki baharini wenyewe, unaingia mto mwingine karibu na Paris, huo mwingine ndio unaokwenda."

"Na jina lake?"

"Linaishia hapo."

"Kama wenu, basi," akasema, na akacheka kidogo. Mama hakuwahi hata siku moja kusema Tana. Hilo alikuwa akiliita jina la watu wa juu. Wapokomo wa kwetu Garsen husema Tsana, Waorma wanaonywesha ng'ombe wana lao, lakini maji yale yale yakifika Kau ni Ozi, na kwa Mama yalikuwa Ozi tangu kuumbwa kwa dunia. Wazee wanasema ulichimbwa mfereji wa kupitisha mitumbwi kutoka mto ule hadi huu, na mto mkubwa ukaona njia, ukaufuata. Ukawa mgeni katika mto wa watu, ukaitwa kwa jina la wenyeji.

Nikapata nguvu kwa kile kicheko. Nikamweleza yote aliyonieleza mkaza mwanangu, chemchemi na watu wa kale, lile jina refu lililolika, na mtoto aliyekuwa akiuamkia mto darajani kwa kukosa mama. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Maana yake mama," akasema.

"Ndiyo."

"Maskini, mtoto yule. Mwambie nampa pole." Akarudisha mikono kwenye mchele. Akatoa jiwe, akalitupa. "Basi miye sina somo."

Hakulia, wala hakusema kwa uchungu. Angenitukana ningefurahi, Mama ana matusi mazuri. Alisema vile mtu anavyosema chumvi imekwisha. Jioni aliswali, akakaa, mahamri yangu hakuyagusa. Nilimwandalia chai, akasema niiache, atainywa baadaye. Nilipolala nilikuwa nimemchukia kila mtu, Warumi pamoja nao.

Asubuhi niliamka nikamkuta ameshaoga. Amevaa leso zake za sikukuu, amejitia udi, na barazani amemkalisha jirani yake, mwanamke wa makamo anayemsaidia kuteka maji na ambaye simu yake ndiyo hutumika nyumba ile. Nikadhani kuna mgeni.

"Njoo na weye usikie," Mama akasema. "Nishamwambia huyu. Kuanzia leo miye naitwa Marne."

"Mama, umeamka salama?"

"Salama kabisa. Mtoto hakupewa langu. Basi miye nachukua lake. Somo ni watu wa jina moja, au siyo? Kuna aya iliyosema lazima mdogo ndiye amfuate mkubwa?"

Jirani alikuwa ameuma upindo wa leso yake asicheke.

"Na jina lako?" nikamuuliza. "Jina alilokupa baba yako?"

"Nimelivaa vya kutosha."

Lo! Nilikasirika siku ile, sijapata kuona. Nimegombana na mwanangu kwa ajili ya jina lile. Nimetoka Garsen hadi Kau kwa ajili yake. Na mwenyewe analivua kama leso ya kufulia! Nilimwambia watu watamcheka. Akasema wacheke, Kau hakuna sinema. Nilimwambia ni jina la makafiri wa kale. Akasema Mungu ndiye aliyeuumba mto, na mama yeyote ni mama. Nilimwambia mimi sitamwita hivyo kamwe. Akaniambia mimi humwita Mama, na hilo ndilo lile lile, basi nagombana na nani?

Nilirudi Garsen nimenuna. Nilimsimulia mwanangu nikitumaini atanisaidia kumkataza, kumbe mjinga mimi. Alicheka akashindwa kusema, akampa simu mkewe, na mkewe akaziba uso kwa kiganja akalia sana, hata mtoto naye akaanza kulia.

Kikuku kilikwenda Ufaransa na mtu wa Kipini aliyekuwa akisafiri. Na Kau ikalizoea jina. Wengi walilisema Marini, liwakae vizuri ulimini, na mwanzoni walilisema kwa utani, "Bi Marini, maji yako yamejaa leo?" naye akijibu, "Yamejaa, njoo uzame." Kisha utani ukaisha, jina likabaki. Ukimwita la zamani alikutazama kama unamwita mtu aliye nyuma yake. Walimpeleka zahanati Kipini kupimwa presha, muuguzi akasoma jina lililo kwenye kitambulisho, akarudia, akapandisha sauti, Mama ametulia kitini anatazama ukuta. Jirani ndiye aliyemwambia muuguzi, dada, jaribu Marini.

Simu zikawa zao wawili. Mwanangu alipiga kwa simu ya jirani, akamweka mtoto mbele ya kioo, na Mama akasogeza jicho lake zima hadi karibu anaigusa simu kwa kope. "Somo! Umenyonya? Umewasumbua? Wasumbue, wamezoea kulala hao." Mtoto alipoanza kusema, "somo" lilikuwa katika maneno yake ya kwanza, alilisema kabla hajajua kusema viatu. Mimi nikienda Kau nilikaa kando na kusikiliza, sisemi kitu, nakunja nguo.

Siku moja nilikuwepo wakiongea, na mtoto akatoka mbele ya simu, akakimbilia huko ndani. Mama yake akamwita kwa ukali, kwa sauti ya mama yeyote aliyechoka: "Marne! Njoo hapa!"

"Bee!" Mama yangu akaitika.

Alikuwa ameshainuka nusu kutoka kitandani, mkono umeshika mkongojo. Hakuwa akifanya mzaha, nilimwona uso. Lilikuwa kosa la kweli. Kisha akatambua, akakaa, akanigeukia, na furaha iliyokuwa usoni mwake sijawahi kuiona, si siku ya harusi yangu wala siku niliyomzalia mjukuu. Akanipiga paja. "Umesikia? Umesikia nilivyoitika?"

Nilisikia. Nilifurahi kwa ajili yake, na bado ule ukaidi wangu ulikuwa umekaa pale pale. Nilihisi ninaibiwa. Wote walikuwa wamepata walichotaka, na jina la mama yangu lilikuwa limebaki mikononi mwangu peke yangu, halina wa kulivaa.

"Weye tu ndiye uliyebaki," aliniambia nilipokuwa naaga. "Kau nzima inaniita."

"Mimi ni mwanao. Nitakuitaje jina?"

"Basi waambie watu. Huko Garsen wakikuuliza mama yako nani, waambie."

"Wakiniuliza nitajua la kuwaambia."

Akanitazama kwa jicho lake moja, akaniacha. Alikuwa ananijua.

Mwanangu alikuwa amepanga kuja na wote wawili wakati wa likizo yao ya kiangazi, tiketi zimeshalipwa. Mama hakuifikia likizo. Aliumwa kidogo, homa isiyo kali, nikaitwa, nikafika mapema nikamkuta anasema na anauliza habari za mahamri. Baada ya adhuhuri alisema anataka kulala, nikamsaidia kugeukia ukuta, na hapo akaenda. Sikujua mpaka nilipompelekea maji. Sina la kuongeza kuhusu saa ile. Ilikuwa saa ya kawaida, watoto walikuwa wakitoka madrasa.

Tulimwosha sisi wanawake, tukamvika sanda, nikamtia karafuu maiti mwenyewe. Wanaume walikuwa wameshajaa uani na jeneza. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, tunaagia mlangoni, na hapo mlangoni ndipo aliponijia mwalimu wa madrasa. Ni mtu aliyehamia Kau miaka ya karibuni tu, mpole, ndiye angesoma talkini. Talkini husomwa maiti akishalazwa kaburini, anaitwa kwa jina lake na jina la mama yake, akumbushwe atakachowajibu malaika. Kwa hiyo lazima mtu aulizwe.

"Jina lake, Mama? Na la mamake?"

Jirani akanitazama. Wanawake wote wakanitazama. Na mimi nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kwetu mtoto halitamki jina la mama yake. Kwenye makaratasi ya serikali nimeliandika mara nyingi, mkono haukatazwi, lakini kulitoa mdomoni mbele ya watu ni utovu wa adabu, na mimi sikuwahi. Nililokuwa nikilipigania miaka yote ile sikuwa nimelisema hata mara moja.

Nikalisema. Lilitoka kavu, nikalirudia. Nyuma yangu vikongwe wawili watatu waliokuwa wameshanyamaza wakaanza kulia upya. Walikuwa wamelisahau. Nikasema na la bibi yangu.

Mwalimu akayarudia yote mawili kwa sauti ya chini, akageuka kwenda. Wanaume wakainama kulishika jeneza. Hapo nikaona nimefanya kosa. Anakwenda kuitwa pale chini, peke yake, gizani, kwa jina asiloliitikia. Nilitoka nje ya kizingiti, sikujali nani ananiona.

"Mwalimu! Ngoja. Ana jingine."

Akasimama.

"Marne," nikasema. "Ni jina la mto wa mbali. Maana yake mama. Alilichukua mwenyewe, na ndilo alilokuwa akilitaka. Mwite na hilo."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeogopa kukuumiza.

"Mama, hilo ndilo ninalolijua mimi," akasema. "Nilikuja kuuliza lile jingine."

Kisha akawapa ishara wenzake, wakamnyanyua, wakaenda naye.